Kati ya darasa na mtambo, shilingi inayofuata iende wapi?

Mtoto wa Vingunguti (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka apite tu, hakuna ugomvi.

Kila bajeti inaposomwa, mabishano ni yale yale. Kuna wanaosema reli na mabwawa vinakula hela za watoto, na kuna wanaosema shule zimetosha, jengeni viwanda, wasomi wapo wamejaa wanaendesha bajaji. Mimi niko idara ya matengenezo kwenye kiwanda kimoja Barabara ya Nyerere, ile wazee bado wanaiita Pugu Road. Nikiwasikiliza hawa na wale, naona wanagombania mikono miwili ya mtu mmoja.

Msimamo wangu nautoa mapema ili anayebisha ajue anabisha nini. Mtaji usio na watu wa kuuendesha unachakaa kabla haujalipa deni lake. Elimu isiyokutana na mtaji inaishia kwenye foleni ya usaili. Sisi tumewahi kuwa na hiki na tumewahi kuwa na kile, ila kwa nadra sana tumevipata vyote mahali pamoja kwa wakati mmoja.

Tuanze na mtaji. Kuna hesabu ya wachumi wawili, Roy Harrod (1939) na Evsey Domar (1946), ambayo wapanga mipango wa nchi maskini waliipenda kwa sababu ni nyepesi. Tuseme unahitaji mtaji wa shilingi 4 ili upate nyongeza ya shilingi 1 ya pato kwa mwaka. Unataka uchumi ukue kwa asilimia 7? Wekeza asilimia 28 ya pato lako. Akiba haitoshi? Kopa, au omba msaada, ujazie. Basi. Humo hakuna mwalimu wala fundi, kuna saruji na chuma.

Matunda ya fikra hiyo yako Morogoro. Kile kiwanda cha viatu kilijengwa miaka ya 1970 kwa fedha za Benki ya Dunia, na mitambo yake ilikuwa ya kisasa kweli. Mpango ulikuwa kilishe soko lote la nchi, halafu kama robo tatu ya viatu viuzwe Ulaya. Jengo likawekwa kuta za alumini bila mfumo wa kupitisha hewa, kwa joto lile la Morogoro! Hakikuwahi kufika hata asilimia 5 ya uwezo wake, na Ulaya haikwenda hata jozi moja. Deni lilibaki likitudai kama kawaida ya madeni.

Robert Solow alishaeleza mwaka 1956 tatizo liko wapi. Ukirundika mashine juu ya mashine huku watu na maarifa vimebaki vile vile, kila mashine inayoongezwa inaleta kidogo kuliko iliyotangulia, mpaka unafika mahali unachowekeza kinatosha kuziba uchakavu tu. Mimi hili silisomi vitabuni peke yake. Kazini kwetu ililetwa laini ya kufungasha bidhaa, wageni wakaifunga, wakatufundisha kubonyeza vitufe, wakapanda ndege. Siku sensa moja (kile kifaa cha kuhisi kwenye mtambo) ilipozingua laini nzima ikalala, maana aliyejua kuingia kwenye programu ya mtambo na kusoma kosa liko wapi alikuwa bara lingine. Mtambo wa mamilioni ya shilingi ukafunikwa turubai, watu wakarudi kufungasha kwa mkono.

Sasa elimu. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto wa rika la shule awe darasani ifikapo 1977. Pamoja na elimu ya watu wazima, nchi ilisogea: kufikia katikati ya miaka ya 1980 takwimu za serikali zilihesabu watu wazima wanaojua kusoma na kuandika kwa karibu asilimia 90. Nchi nyingi tajiri kuliko sisi hazikuwa zimefika hapo. Na uchumi? Tunaozungumza nao majumbani wanakumbuka foleni za sukari na sabuni. Watu walijua kusoma, ila viwanda vilikosa vipuri, mashamba yalikosa barabara, na milango ya sekondari ilikuwa myembamba kiasi kwamba hata mtoto 1 kati ya 10 hakupita.

Nakuja na sehemu ya pili. Mods, naomba msiunganishe na ule uzi wa ajira.

Ngosha Mabibo

Mkuu, hapo kwenye elimu unatupamba. Kijiweni kwetu kuna digrii tatu zinaendesha bajaji. Moja ni ya uchumi huo huo unaotuandikia. Elimu ya bongo ni karatasi. Leteni mitaji, ujuzi watu wataupata humo humo kazini. Mafundi wa Gerezani nani aliwapeleka chuo? Walifundishana chini ya gari.

Mtoto wa Vingunguti

Ngosha, Gerezani umenigusa, na sehemu kubwa uko sahihi. Ujuzi mwingi duniani unapatikana kazini. Ila angalia ni nani anaupata haraka akiwa kazini.

Mwaka 1980 wachumi John Knight na Richard Sabot walilinganisha wafanyakazi wa kuajiriwa wa Nairobi na wa hapa Dar. Hawakuuliza tu umesoma mpaka darasa la ngapi. Waliwapa majaribio ya kusoma na hesabu, na jaribio jingine la kupima akili ya kuzaliwa nayo. Kilichobeba mshahara zaidi kilikuwa kile mtu anachojua kusoma na kukokotoa. Miaka aliyokaa shule ilihesabika kidogo, na akili ya kuzaliwa kidogo zaidi. Maana yake karatasi peke yake haikulipa hata enzi hizo, na kipaji peke yake hakikulipa.

Ya siku hizi: kipimo cha rasilimali watu cha Benki ya Dunia cha 2020 kilikadiria kwamba mtoto wa Kitanzania atakaa shule miaka 7.2 kufikia umri wa miaka 18. Wakipunguza kwa kuangalia anachojifunza hasa, miaka hiyo inabaki 4.5. Soma tena. Mtoto anakaa darasani miaka saba na ushei, anatoka na mzigo wa miaka minne na nusu. Iliyobaki tumeilipia madawati, majengo na mishahara, na haikuingia kichwani mwa mtu.

Kwa hiyo hizo digrii tatu za kijiweni usizihesabu kama ushahidi kwamba elimu imezidi. Zinaweza kuwa ushahidi wa mambo mawili tofauti: digrii iliyo nyepesi, au digrii nzito isiyo na mtambo wa kushika. Mimi siwajui hao jamaa zako, wewe unawajua.

Mwl wa Mbagala

Habari zenu. Nilikuwa msomaji tu, ila hapo kwenye 4.5 nimeona nisinyamaze. Darasani kwangu watoto ni zaidi ya mia. Nikiita jina la kwanza mpaka la mwisho kipindi kimeshakatika. Hayo madaftari siwezi kuyasahihisha yote hata nikilala na kalamu. Halafu mtu anakuja kuandika kwamba hela imelipwa, mtoto hajajifunza, kama vile mwalimu kaila.

Na hizi sera zinakuja kwa mafuriko. Ada ya msingi ilipoondolewa 2002 watoto walimiminika. Shule za kata zikajengwa kila kona, wakaletwa walimu tuliowaita voda fasta, vijana wa kidato cha sita waliopikwa kwa wiki chache. 2012 zaidi ya nusu ya watahiniwa wa kidato cha nne wakapata sifuri, nchi nzima ikapiga kelele, matokeo yakapangwa upya. Halafu tukaambiwa kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu. Wananchi wakachangishwa, kuta zikasimama. Nenda kaangalie ndani ya baadhi yake kuna nini.

Mtoto wa Vingunguti

Mwalimu, pole, na hakuna aliyesema umekula. Hizo kuta za maabara ni Morogoro ile ile, ndogo ndogo, iliyosambazwa kila kata. Jengo ni mtaji pia.

Kuna utafiti uliofanyika hapa hapa nchini ambao nadhani ungestahili kubandikwa kwenye kila ofisi ya elimu. Unahusu mpango wa KiuFunza wa shirika la Twaweza, katika shule za msingi 350, mwaka 2013 na 2014. Shule nyingine zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, zikatumia zinavyoona. Nyingine hazikupewa ruzuku, ila walimu waliahidiwa bakshishi kwa kila mtoto atakayefaulu jaribio la kusoma au hesabu. Nyingine zilipata vyote viwili, na nyingine hazikupata kitu, zikawa za kulinganishia.

Baada ya miaka miwili ruzuku peke yake haikuongeza alama za watoto. Vitabu vilinunuliwa, ufaulu ukabaki pale pale. Bakshishi peke yake ilionyesha dalili kidogo. Shule zilizopata vyote viwili ndizo zilizopanda waziwazi, na faida ilizidi jumla ya ile ya ruzuku na bakshishi ukizichukua moja moja. Mwalimu mwenye ari asiye na kitabu amekwama. Aliyerundikiwa vitabu huku hakuna anayejali kama watoto wanaelewa, naye amekwama. Hii ndiyo hoja yangu ya nchi nzima, ila imepimwa ndani ya darasa.

Mzee wa Gerezani

Vijana, nimewasoma. Huyu wa Vingunguti anaeleza miaka ya 1980 kama vile tulikaa tunasoma gazeti huku uchumi unaanguka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, tukabaki na vipande vya reli na ndege. Amin akaingia Kagera 1978, vita ikala fedha za kigeni. Mafuta yakapanda 1973, yakapanda tena 1979. Mkonge uliokuwa ukitulisha ukaangushwa na nyuzi za plastiki. Ungekuwa na wahandisi elfu kumi wangefanya nini bila dola ya kununua bolti?

Na jambo lingine. Mama yangu alijifunza kusoma ukubwani kwenye kisomo. Akaanza kusoma mwenyewe kadi za kliniki za wajukuu na barua zake bila kumwita mtu. Hiyo kwenye pato la taifa mnaiweka safu gani?

Mtoto wa Vingunguti

Shikamoo mzee. Kuhusu mama, sina hoja. Haimo kwenye safu yoyote na ilikuwa halali yake hata isingeongeza senti.

Kuhusu dhoruba za nje, zilikuwa za kweli, ila nitabisha kwa heshima. Korea Kusini nayo huagiza mafuta yake yote, na bei ya 1973 na 1979 iliipiga vile vile. Singapore haina hata maji ya kuitosha. Tofauti ni walichokuwa wamekutanisha kabla. Chukua Singapore: mwaka 1966 zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake hawakuwa na elimu rasmi kabisa, na kufikia 1990 theluthi mbili walikuwa wamemaliza sekondari. Katika kipindi kama hicho uwekezaji ulitoka asilimia 11 ya pato mpaka zaidi ya 40. Mchumi Alwyn Young aliichambua miujiza ya Asia miaka ya 1990 akakuta uchawi ni mdogo kuliko watu walivyodhani. Sehemu kubwa ilikuwa ni mitambo, watu wengi zaidi kuingia kazini, na watu hao kusoma, vyote vikipanda kwa pamoja.

Sisi tulipanda ngazi ya elimu ya msingi, tukaacha sekondari na ufundi nyuma, huku tukinunua mitambo iliyohitaji hasa watu wa sekondari na ufundi. Hilo hatukufanyiwa na Amin wala na bei ya mafuta.

Mzee wa Gerezani

Marahaba. Hapo kwenye sekondari nakuachia. Mengine tutabishana siku nyingine.

Dada Takwimu

Naomba kuuliza swali ambalo nadhani nyote mnalikwepa. Mnajuaje kwamba elimu ndiyo inayoleta ukuaji? Inawezekana nchi ikitajirika ndipo inapeleka watoto shule. Ukilinganisha nchi na nchi, vyote vinapanda pamoja na huwezi kujua kipi kinamvuta mwenzake. Mchumi Lant Pritchett aliwahi kuchambua takwimu za nchi nyingi akakuta kwamba nchi zilizoongeza miaka ya shule haraka hazikukua haraka kuliko nyingine. Afrika ilikuwa mfano mkubwa.

Mimi huwa naamini zaidi ushahidi wa Indonesia. Bei ya mafuta ilipopanda (yale yale yaliyotuumiza sisi, wao wanayauza), serikali ilijenga shule za msingi zaidi ya 61,000 kati ya 1973 na 1978, nyingi zikaenda kwenye maeneo yenye watoto wengi wasiosoma. Mchumi Esther Duflo alifuatilia watoto waliokuwa wadogo kiasi cha kufaidika akawalinganisha na waliokuwa wameshapita umri. Walisoma zaidi, na mishahara yao ilikuwa mikubwa zaidi. Kwa hesabu yake kila mwaka wa ziada wa shule uliongeza kipato kwa kati ya asilimia 7 na 11 hivi. Hapo mwelekeo hauna ubishi, maana mtoto hakuchagua mwaka wa kuzaliwa.

Lakini alirudi tena miaka michache baadaye akaangalia wazee wa maeneo yale yale, waliozaliwa mapema mno wasifaidike na shule. Mishahara yao ilishuka kulinganisha na wenzao wa kwingine. Vijana wenye elimu walijaa kwenye soko lile lile, na alichohitimisha ni kwamba mitaji haikufuata kasi ya elimu. Watu wenye ujuzi waliongezeka, mitambo ya kushika haikuongezeka kiasi hicho.

Mtoto wa Vingunguti

Dada, hapo kwenye wazee wa Indonesia umenimalizia kazi. Tena kile ulichokitaja ndicho kijiwe cha Ngosha: elimu imemfaidisha aliyesoma, lakini kwa sababu mtaji umechelewa, kila anayeingia anambana aliye ndani.

Sasa ongeza watu. Sensa ya 2022 ilituhesabu 61,741,120, na tunaongezeka kwa asilimia 3.2 kwa mwaka. Ili kila mfanyakazi abaki na vifaa kama alivyonavyo leo, mtaji wa nchi lazima ukue zaidi ya asilimia 3 kila mwaka, na bado hujafidia uchakavu. Ili kila darasa libaki na msongamano huu huu anaolalamikia mwalimu, walimu nao lazima waongezeke kwa kasi hiyo. Uchumi ulikua kwa asilimia 5.5 mwaka 2024. Ondoa ongezeko la watu, kila mmoja anabaki na kama 2.3. Kwa mwendo huo kipato cha mtu kinachukua miaka 30 kuongezeka maradufu. Anayesoma darasa la kwanza leo atakuwa na watoto wake shuleni.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema tusimamishe miradi mikubwa tupeleke kila kitu shule. Treni ya umeme imeanza kubeba abiria 2024, bwawa la Nyerere limefika megawati 2,115. Hivi ni vitu ambavyo kiwanda kinavihitaji, na umeme wa uhakika ni nusu ya malalamiko ya bosi wangu. Lakini kila mradi wa namna hiyo unapopita, mimi naangalia kitu kimoja: mkandarasi akiondoka, ni Watanzania wangapi wanaweza kuufungua na kuufunga bila kumpigia simu? Hilo ndilo ningependa liandikwe kwenye mikataba kwa idadi na majina ya kozi. Lile neno la "kujengeana uwezo" kila mtu analisaini bila kulisoma.

Wahandisi wetu hutaja uwiano wa 1:5:25, yaani mhandisi mmoja, mafundi sanifu watano, mafundi mchundo ishirini na tano. Kwa nilivyoona viwandani, tunaipata ile 1 bila shida, 25 wapo wa kufundishana kama wa Gerezani, kinachokosekana ni wale 5. Na kila mwajiri mkubwa anakatwa tozo ya maendeleo ya ujuzi, SDL, asilimia 3.5 ya mishahara tangu Julai 2023. Ningeipeleka hela hiyo kwa wale watano tu, kwa miaka kumi mfululizo, na nusu ya mafunzo yafanyike kiwandani kwenye mtambo wenyewe. Sera ya Elimu toleo la 2023 imeleta mkondo wa amali sekondari na kufanya miaka 10 ya shule kuwa ya lazima. Kwenye karatasi nimeipenda. Hofu yangu ni zile maabara tatu: tukijenga karakana kabla ya kuwa na mwalimu wa karakana, tutakuwa tumenunua turubai jingine la kufunikia mashine.

Mwl wa Mbagala

Na huyo mwalimu wa karakana akipatikana, kiwanda kitamchukua kwa mshahara mara mbili. Hilo umelifikiria?

Mtoto wa Vingunguti

Nimelifikiria na linaniumiza, maana bosi wangu angekuwa wa kwanza kumchukua. Jibu nililonalo ni kumgawana: asubuhi afundishe, mchana ashike mtambo, alipwe na pande zote mbili. Utaratibu wa utumishi wa umma hauupendi mpango wa namna hiyo. Ndiyo maana nilisema nusu ya mafunzo yawe kiwandani.

Ngosha Mabibo

Mkuu, tuache Singapore kidogo. Dogo langu lina division three, hesabu kapata C, fizikia D. Mama anataka aende kidato cha tano, mimi nasema VETA Chang'ombe. Wewe ungefanyaje?

Mtoto wa Vingunguti

C ya hesabu kwa hali zetu si haba. Mama asikasirike, lakini kama dogo anapenda kushika vitu, mwambie aulizie pia DIT, kile chuo cha teknolojia cha Dar, ngazi ya cheti na diploma, upande wa umeme au wa mitambo, kabla hujalipa popote. Akienda VETA achague umeme wa viwandani. Umeme wa majumbani una watu wengi mno. Vyovyote itakavyokuwa aanze sasa hivi kujifunza kompyuta na Kiingereza cha kusomea vitabu vya mashine, maana vitabu hivyo haviji kwa Kiswahili. Wakati wa mafunzo kwa vitendo ukifika nitafute PM, nitaulizia nafasi kwetu. Siahidi.